Afisa Mazingira Anaondoka: Njia Sita za Kubakiza Anachokijua, na Jinsi ya Kuchagua

Afisa mazingira wa halmashauri anapostaafu au kuhamishwa, nyuma yake hubaki meza, kompyuta na majalada. Anachoondoka nacho ni kujua kwamba nguzo ya kupimia kina cha mto iling'olewa na mafuriko, ikasimikwa upya bila kuoanisha sifuri yake na ile ya zamani. Anajua kwamba valvu moja iliyo chini ya barabara hufungwa kwa kuzungushwa kinyume na nyingine zote. Anajua pia kwamba sharti la saba katika kibali cha machimbo liliwekwa kwa ajili ya chemchemi ambayo haionekani wakati wa kiangazi. Mambo ya namna hii hayamo katika maelezo ya kazi yake, na mrithi wake huyagundua siku yanapoleta madhara.

Njia za kuyabakiza zipo, na hakuna iliyo bora kwa kila ofisi. Kosa linalojirudia ni kuchagua kwa kuangalia bajeti ya mwaka au programu ya kompyuta inayouzwa, kabla ya kuuliza maswali mawili: ni maarifa ya aina gani yanayokaribia kupotea, na zimebaki siku ngapi?

Maarifa ya ofisi ya mazingira tunayagawa katika mafungu manne. La kwanza ni taarifa: mahali, tarehe, vipimo, mipaka, masharti. La pili ni hatua za kazi, kama namna ya kuchukua sampuli au kukagua dampo. La tatu ni upambanuzi, yaani kuangalia maji ya mfereji na kujua kwamba kiwanda fulani kimefungulia majitaka usiku, au kujua malalamiko yapi yafuatwe leo na yapi yasubiri. La nne ni mahusiano: mwenyekiti wa watumia maji atakayepokea simu saa tisa usiku, fundi wa maabara anayejua historia ya kisima fulani. Fungu la kwanza linaandikika. La pili linaandikika kwa shida kidogo. La tatu huandikika kwa sehemu tu, na la nne halihamishwi na karatasi yoyote.

Jedwali hili linaweka njia sita ubavu kwa ubavu. Muda ulioandikwa ni ule unaohitajika kabla ya siku ya mwisho ya mhusika kufika kazini.

| Njia | Inabakiza vizuri | Udhaifu wake mkubwa | Muda |
|---|---|---|---|
| Hati ya makabidhiano | Mambo yanayoendelea, tarehe, ahadi | Huandikwa wiki ya mwisho, huficha yaliyokwama | Wiki 2 hadi miezi 3 |
| Kufanya kazi sambamba | Upambanuzi na mahusiano | Hubaki vichwani tu, hurithisha na makosa | Wiki 4 hadi mwaka |
| Mwongozo wa kazi | Hatua zinazorudiwa | Huchakaa, hasa usipotaja sababu | Miezi 2 hadi 3 |
| Mahojiano yaliyorekodiwa | Sababu za maamuzi ya zamani | Hakuna anayeyasikiliza baadaye | Wiki 2 hadi 6 |
| Hifadhidata na ramani | Mahali na mfululizo wa vipimo | Hufa na mtu aliyeijenga | Miezi 6 au zaidi |
| Mstaafu kwa mkataba | Matukio ya nadra | Huficha pengo badala ya kuliziba | Baada ya kuondoka |

Hati ya makabidhiano au kufanya kazi sambamba?

Huu ndio uchaguzi ambao ofisi nyingi hukutana nao kwanza, na mara nyingi hati hushinda kwa sababu haina gharama. Ina faida halisi: inabaki kwenye jalada, inaweza kusomwa na mtu wa tatu, na inamlinda anayeondoka dhidi ya lawama za baadaye. Lakini hati nyingi za makabidhiano hazisaidii, kwa kuwa zinanakili majukumu kutoka kwenye barua ya ajira, zinaorodhesha samani na vifaa, kisha zinasainiwa.

Hati inayofaa ina kurasa nane hadi kumi, si zaidi, na kiini chake ni kalenda ya miezi kumi na miwili ijayo. Ndani yake huingia kila jambo litakaloharibika lisipofanywa kwa tarehe yake: kibali kinachoisha, ripoti inayodaiwa na wizara, kesi inayotajwa mahakamani, sampuli za msimu, na dhamana za benki zilizowekwa na wachimba kokoto ili ardhi irejeshwe baada ya uchimbaji. Hizi dhamana zitajwe kwa jina, kiasi na siku ya mwisho. Dhamana isipohuishwa kwa wakati huisha kimya. Mchimbaji akifilisika, shimo linakuwa mali ya halmashauri pamoja na gharama ya kulifukia.

Baada ya kalenda huja ukurasa wa yaliyokwama. Hapa ndipo waandishi wengi hukwepa, maana kuandika kwamba agizo la kusitisha shughuli lilitolewa na halikutekelezwa ni kama kujishtaki. Mkuu wa idara aseme mapema, kwa maandishi, kwamba ukurasa huo ni wa lazima na hautatumika kumwadhibu mtu. Kisha uje ukurasa wa watu, kwa vyeo vyao na sababu ya kuwasiliana nao. Nywila zisiandikwe humo. Kinachohamishwa ni umiliki wa akaunti, kutoka kwenye anwani binafsi ya mtumishi kwenda anwani ya ofisi, na hilo lifanyike yeye akiwapo ili athibitishe ujumbe unaotumwa kwenye simu yake.

Jaribio la hati ni rahisi. Mpe mrithi kazi moja kamili, kwa mfano kuandaa ripoti ya robo mwaka ya ubora wa maji, akitumia hati peke yake huku mwandishi bado yupo jengoni. Kila swali analolazimika kwenda kuuliza ni sentensi iliyokosekana, na iongezwe siku hiyohiyo.

Kufanya kazi sambamba kunafanya kile ambacho hati haiwezi. Mrithi huanza kwa kutazama, kisha wanafanya pamoja, kisha mrithi anafanya mwenyewe na mzoefu ananyamaza na kutazama. Awamu ya tatu ndiyo hurukwa, nayo ndiyo inayoonyesha kilichoeleweka. Katika mazingira kuna sharti la ziada, nalo ni msimu. Mtu aliyefundishwa kiangazi hajui kalavati lipi huziba kwanza mvua zikianza, wala hajui kwamba barabara ya kwenda kwenye kituo cha kupimia mto hukatika wakati uleule kipimo kinapohitajika zaidi. Ikiwezekana, wiki za kufanya kazi pamoja zigawanywe: mbili msimu wa mvua, mbili kiangazi, badala ya nne mfululizo.

Vikwazo ni viwili. Cha kwanza ni kanuni za utumishi, ambazo mara nyingi haziruhusu watu wawili kulipwa katika nafasi moja. Ofisi hupita hapo kwa kujaza kwanza nafasi ya msaidizi, au kwa kumteua kaimu kutoka ndani miezi kadhaa kabla. Cha pili ni likizo. Mtumishi mwenye likizo iliyolimbikizwa huichukua kabla ya kustaafu, kwa hiyo siku yake ya mwisho ofisini huwa wiki kadhaa kabla ya tarehe iliyo kwenye barua. Anayepanga makabidhiano kwa kufuata tarehe ya barua hukuta kiti kitupu. Hesabu nyuma kutoka siku ya kuanza likizo.

Kama ofisi inaweza kumudu njia moja tu, tungechagua hii, hata kwa wiki nne, kwa sharti kwamba mrithi ndiye anaandika na mzoefu anasahihisha. Mzoefu akiandika mwenyewe huruka hatua ambazo mikono yake inazifanya bila kufikiri. Anayejifunza huziona zote kwa sababu zote ni ngeni kwake. Hata hivyo, ushauri huu haufai idara ambayo watu hawakai hata miaka miwili. Huko, kumfundisha mtu kwa mwezi mzima ni kuhamisha hatari kutoka kichwa kimoja kwenda kingine ambacho nacho kiko njiani kuondoka. Idara ya namna hiyo iwekeze kwenye fomu, miongozo na ramani.

Mwongozo wa kazi na mahojiano

Mwongozo hufaa kazi inayorudiwa kwa namna ileile. Kinachoutofautisha mwongozo unaodumu na ule unaotupwa ni safu ya "kwa nini" kando ya kila hatua. Chukua sampuli ya maji ya bomba kwa ajili ya kupima bakteria. Chupa ya maabara huja na chembe au matone kidogo ya sodiamu thayosalfeti, ambayo huondoa nguvu ya klorini. Mwongozo unasema: usisuuze chupa. Afisa mpya asiyejua sababu huona unga ndani, hudhani ni uchafu, huusuuza. Klorini inaendelea kuua bakteria njiani kuelekea maabara na jibu linarudi safi, ilhali maji kwenye bomba hayakuwa salama. Hakuna anayegundua, kwa kuwa matokeo mazuri hayachunguzwi. Sentensi moja ya sababu ingezuia hilo.

Mfano mwingine ni wakati wa kupima oksijeni iliyoyeyuka mtoni au bwawani. Mchana mimea na mwani huzalisha oksijeni. Usiku huitumia bila kuzalisha, kwa hiyo kiwango hushuka hadi chini kabisa karibu na alfajiri. Mzoefu alikuwa akienda kupima saa kumi na mbili asubuhi. Mrithi anaenda saa sita mchana kwa sababu gari linapatikana wakati huo. Grafu inapanda, ripoti inasema mto umepona, na samaki wanaendelea kufa. Mwongozo ulitaja kifaa, kina cha maji na idadi ya sampuli, haukutaja saa.

Kila mwongozo uwe na namba ya toleo, tarehe, cheo cha anayeumiliki na tarehe ya kupitiwa tena, isizidi miaka miwili. Kurasa mbili kwa kazi moja zinatosha. Kitabu cha kurasa mia mbili husomwa siku ya uzinduzi tu.

Mahojiano hubeba kile kisichorudiwa: kwa nini eneo fulani halikuruhusiwa kujengwa, nini kilijaribiwa kwenye korongo lile kikashindikana, nani aliahidi nini wakati dampo linafunguliwa. Swali la jumla, kama "tuambie uzoefu wako", huleta hotuba. Swali la tukio huleta maarifa. Mwanasaikolojia Gary Klein na wenzake walieleza mwaka 1989 namna ya kuhoji wataalamu kwa kuchukua tukio moja gumu na kulirudia hatua kwa hatua: ulianza kuona nini, ulidhani ni nini, ungefanya nini vingine, mtu mgeni angekosea wapi. Utaratibu huo unafaa sana kwa mafuriko, kumwagika kwa kemikali na migogoro ya vyanzo vya maji.

Anayehoji awe mtu wa fani anayejua nusu ya mambo, si mtu wa utumishi anayejaza fomu. Vikao vitatu vya saa moja na nusu vinatosha. Zaidi ya hapo uchovu huanza kujibu. Angalau kimoja kifanyike nje, mkitembea kwenye mto, dampo au bomba, kwa sababu mahali huamsha kumbukumbu ambazo kiti cha ofisi hakiziamshi. Mwanzoni mwa kila rekodi tajeni tarehe, mahali na namba za GPS kwa sauti.

Udhaifu wa mahojiano ni kwamba kurekodi ni rahisi na kutumia ni kugumu. Saa moja ya sauti huchukua saa nne au zaidi kuiandika. Ofisi isiyo na mtu wa kazi hiyo isirekodi saa ishirini. Irekodi vipande vya dakika tatu hadi tano, kila kimoja kikihusu kitu kimoja, na jina la faili liwe namba ya kitu hicho: valvu, kisima, kibali. Jambo jingine ni usiri. Majina ya wananchi walioripoti wachafuzi yasiingie kwenye rekodi, kwani huwezi kujua nani atapewa nakala baadaye.

Hifadhidata na ramani, au masjala iliyopangwa vizuri?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mfumo wa ramani za kidijitali ni njia nzuri kuliko zote ya kubakiza mahali: visima vya uchunguzi, mipaka ya dampo la zamani, mahali majitaka yanapotokea, miti iliyohifadhiwa. Masjala haiwezi kumwonyesha mhandisi wa barabara kwamba anakaribia kuchimba juu ya taka zilizofukiwa, ramani inaweza. Lakini mifumo mingi hufa ndani ya miaka michache kwa sababu tatu: leseni ya kila mwaka haikulipwa, kijana aliyeijenga aliajiriwa kwingine, au mshauri wa nje aliondoka na data ghafi akaacha ramani zilizochapishwa tu. Kinga zake zinajulikana. Kila robo mwaka toa nakala ya data zote katika faili za kawaida zinazofunguka bila programu maalumu, kama CSV. Weka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, moja ikiwa nje ya jengo. Na kwenye kila mkataba wa mshauri andika kwamba data ghafi, modeli na maelezo ya njia ya upimaji ni mali ya halmashauri, na malipo ya mwisho hayatolewi kabla ya kukabidhiwa.

Kabla ya kununua chochote, anza na lahajedwali moja. Kwa kila kipimo cha mazingira safu hizi hazikwepeki: jina la kituo, namba za GPS na mfumo wa majira-nukta (koordineti) uliotumika, tarehe, saa, kina cha kuchukulia sampuli, njia ya upimaji, namba ya kifaa, tarehe ya kalibresheni ya mwisho (kukirekebisha kisome sawasawa), kipimo chenyewe na uniti yake, kikomo cha chini ambacho kifaa kinaweza kuona, na aliyechukua. Safu ya kikomo cha chini hudharauliwa sana. Maabara ikiandika "chini ya 0.5" na karani akaingiza sifuri, miaka kumi baadaye ofisi ikipata kifaa kikali zaidi kinachosoma 0.3, itaonekana uchafuzi umeanza ghafla. Mchafuzi asiye na kosa atashtakiwa, au mwenye kosa atajitetea kwa kusema vipimo vya serikali haviaminiki.

Mfululizo wa vipimo ni mali ya thamani kuliko kompyuta iliyovihifadhi. Nguzo ya kupimia mto ikibadilishwa, kifaa kikibadilishwa, kituo kikisogezwa hata mita hamsini juu ya mahali majitaka yanapoingilia, iandikwe kwenye daftari la kituo siku hiyohiyo. Vifaa viwili, cha zamani na kipya, vipime sambamba kwa muda ili tofauti yao ijulikane.

Masjala nayo isidharauliwe. Jalada la karatasi lenye kurasa zilizopewa namba hustahimili kukatika kwa umeme, kubadilika kwa programu na kesi za mahakamani. Ugonjwa wake mkubwa ni jalada la muda: jalada kuu halionekani, linafunguliwa la muda, kisha jalada kuu linapatikana na hakuna anayeunganisha. Baada ya miaka mitano kibali kimoja kina historia tatu. Fanya ukaguzi wa majalada ya muda mara moja kwa mwaka. Ugonjwa mpya ni maamuzi yanayofanyika kwenye makundi ya ujumbe ya simu binafsi: picha ya uharibifu, agizo la mdomo, jibu la mkuu, vyote viko kwenye simu inayoondoka na mwenyewe. Kanuni iwe kwamba uamuzi uliofanyika kwenye simu huandikwa kwenye jalada ndani ya siku mbili, na sanduku la barua pepe la aliyeondoka lisifutwe kabla barua za kazi hazijahamishiwa masjala.

Uchaguzi wetu: taarifa zenye mahali ziende kwenye ramani, sababu za maamuzi zibaki kwenye jalada, na kila alama kwenye ramani ibebe namba ya jalada lake. Moja bila nyingine imekwisha kuleta maafa. Mwaka 1953 bodi ya shule ya Niagara Falls, Marekani, ilinunua eneo la Love Canal kwa dola moja, na hati ya mauziano ilitaja wazi kwamba kemikali zilikuwa zimefukiwa hapo. Onyo lilikuwa kwenye karatasi, lakini shule ilijengwa na nyumba zikapangwa kando ya eneo hilo, na familia nyingi zilizohamia hazikuambiwa kitu. Dharura ilitangazwa mwaka 1978, kemikali zikiwa zimevuja hadi kwenye makazi.

Ukiweza, weka onyo pia mahali penyewe. Huko Aneyoshi, katika pwani ya Iwate nchini Japani, jiwe lililosimikwa baada ya tsunami ya 1933 linawaambia watu wasijenge chini yake. Walitii, na mwaka 2011 maji yaliishia chini ya jiwe hilo. Kwa dampo lililofungwa, nguzo za zege za mpaka na bango lenye maandishi yaliyochongwa hugharimu kidogo sana kuliko mfumo wa kompyuta. Sheria za Marekani hutaka dampo la taka za mji liangaliwe kwa miaka 30 baada ya kufungwa. Ni watumishi wachache watakaokaa kwenye kiti kimoja muda huo wote.

Mstaafu kwa mkataba

Njia hii ni nzuri kwa tukio la nadra, kama mafuriko yanayokuja mara moja katika miaka ishirini, ambapo waliobaki hawajawahi kuyaona. Ni mbaya kama kawaida ya kazi. Mkataba usizidi mwaka, na kila siku inayolipwa iache kitu: ukurasa, mtu aliyefundishwa, au sehemu iliyowekwa kwenye ramani. Angalia pia asiwe anazishauri kampuni alizokuwa akizipa vibali.

Kuandika pekee hakutoshi

Mei 2000, watu wa Walkerton, mji mdogo wa Ontario nchini Kanada, walikunywa maji ya bomba yaliyoingiwa na bakteria wa E. coli O157:H7. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,300 waliugua. Mvua kubwa ilikuwa imesomba samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima namba 5, kisima kifupi kilichochimbwa mwaka 1978. Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Dennis O'Connor ulionyesha kwamba hatari ya kisima hicho kuingiliwa na maji ya juu ya ardhi ilionekana tangu mwanzo, nayo ilikuwamo kwenye majalada ya wizara. Ukaguzi uliofanywa miaka ya 1990 haukuitumia taarifa hiyo. Kifaa cha kupima klorini mfululizo hakikuwekwa, na waendeshaji walizoea kuandika viwango vya klorini ambavyo hawakuvipima.

Yeyote anayedhani hati nzuri inamaliza kazi alitazame jambo hili kwa makini. Walkerton ilikuwa na maandishi. Yalikuwa mahali ambapo mkaguzi hakulazimika kuyasoma kabla ya kufanya uamuzi. Kwa hiyo, kwa kila hatari kubwa inayojulikana na mzoefu wako, uliza: uamuzi unafanyika lini, na karatasi ipi iko mkononi mwa anayeamua wakati huo? Kama ni fomu ya ukaguzi, hatari iandikwe juu ya fomu, kwa jina la kisima hicho. Kama ni kibali kinachohuishwa, kila sharti liwe na sababu yake kando, ili anayetaka kulifuta ajue anafuta nini. Kama ni simu ya usiku, iandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani kwenye chumba cha mitambo.

Uchague kwa kuangalia muda uliobaki

Zikibaki wiki mbili, sahau hifadhidata na miongozo. Siku mbili za kwanza ni za kalenda ya miezi kumi na miwili na kuhamisha umiliki wa akaunti. Siku tatu ni za kutembelea maeneo yenye hatari na kurekodi vipande vifupi. Nusu siku ni ya kupiga simu pamoja na mrithi, mzoefu akimtambulisha kwa watu kumi wa muhimu. Utambulisho huo usiachwe kwa sababu ya haraka: mwenyekiti wa kijiji aliyepigiwa na mtu anayemwamini atapokea simu ya pili ya mgeni.

Ikibaki miezi mitatu, hati ianze sasa, mahojiano yafanyike mwezi wa kwanza, kazi sambamba mwezi wa pili, na mwezi wa tatu mzoefu anyamaze. Miongozo iandikwe kwa kazi tano tu, zile ambazo zikikosewa mtu anaumia au kesi inapotea.

Ukiwa na mwaka, panga kwa msimu kama ilivyoelezwa, na lahajedwali la vituo likamilike kabla ya kufikiria mfumo mkubwa.

Halmashauri inapogawanywa au kuunganishwa, hali ni tofauti kabisa, kwani hawaondoki watu wawili watatu bali idara nzima inatawanyika. Hapo majalada yatangulie watu. Nakili kwanza kila kitu kinachohusu bonde linalovuka mpaka mpya, maana mto haugawanyiki, na kila upande upate nakala kamili badala ya nusu. Vituo vya kupimia vipewe mmiliki kwa jina la ofisi siku ya kwanza; kituo kisicho na mmiliki huacha kupimwa mwezi wa pili.

Na kama ameshaondoka bila kukabidhi chochote, anza na watu wasiotajwa kwenye muundo wa idara. Dereva anajua kila mahali ambapo sampuli zilichukuliwa. Mlinzi wa dampo anajua malori yaliingia saa ngapi na yalimwaga wapi. Hati za malipo zinaonyesha tarehe za safari, vifaa vilivyonunuliwa na mafundi walioitwa. Maabara huwa na nakala za majibu zilizopotea ofisini, kwa hiyo ziombwe mapema kabla hazijaondolewa kwenye kumbukumbu zao. Picha za setilaiti za Landsat zinaanzia mwaka 1972 na zimekuwa za bure tangu 2008. Kwa maeneo makubwa zinaonyesha dampo lilianza lini kupanuka, msitu ulikatwa kutoka upande gani na mto ulihama mwaka gani. Mwisho mtafute mwenyewe kwa simu, ukiwa na orodha fupi ya maswali yenye majina ya mahali na namba za majalada. Akiulizwa swali moja mahususi kwa wakati mmoja, mtu aliyeondoka kwa kinyongo hujibu mara nyingi kuliko inavyodhaniwa.